Nililipa elfu sabini nijue nani alikufa: darasa la jioni la Kiingereza, Bagamoyo

Mwezi wa saba nilisimama chini ya mnara wa kanisa la zamani pale misheni, Bagamoyo, mbele ya wageni wanane, nikawaua Chuma na Susi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilisema hivi: "Having died in 1873, Chuma and Susi carried Livingstone to Bagamoyo." Moyoni nilikuwa nasema kwamba Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, alipokwisha kufariki, watu wake Chuma na Susi walimbeba mpaka hapa. Sentensi hiyo nilikuwa nayo miaka mingi. Niliirithi kwa kaka mmoja aliyenifundisha kazi ya kutembeza wageni, naye sijui aliirithi kwa nani. Siku hiyo kulikuwa na mama mtu mzima, kavaa kofia ya ukili, akaniuliza kwa upole kabisa: "So they carried him after they died?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kicheko kile cha mtu ambaye mzaha umempita lakini hataki ijulikane.

Usiku usingizi ulikuja kwa shida. Tarehe ninazo kichwani zote. Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Moyo wake ukazikwa kule kule chini ya mti, mwili ukakaushwa juani, ukafungwa vizuri, ukabebwa miezi mingi hadi pwani, ukafika Bagamoyo tarehe 24 Februari 1874, kisha ukavushwa Zanzibar na kupelekwa London kuzikwa. Nina hata mzaha wangu wa hapo, kwamba mji wa kubwaga moyo ulimpokea mtu aliyekwisha kuubwaga wake Zambia, na wageni huupenda sana. Kwa hiyo historia haikunishinda. Zilizonishinda ni herufi tatu: i, n, g.

Wiki ileile niliona karatasi limebandikwa kwenye nguzo karibu na stendi: Kiingereza cha utalii, wiki sita, masomo ya jioni. Jina la darasa sitalitaja. Nina sifa za kutoa na nina manung'uniko pia, na mwalimu mwenyewe ni mtu mzima, mstaafu wa shule ya sekondari, ambaye kila nikikutana naye njiani lazima nimpe shikamoo yake. Ila walioko Bagamoyo wanaofikiria kujiandikisha nadhani wanastahili kujua pesa yao inakwenda wapi.

Ada ni shilingi 60,000. Siku ya kwanza unaambiwa kuna 10,000 nyingine ya fotokopi, ambayo kwenye karatasi la nguzoni haikuwepo. Vipindi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, katikati mnaachiwa nafasi ya Magharibi. Chumba kiko Magomeni ya hapahapa Bagamoyo, cha mbele katika nyumba ya kupanga. Viti vya plastiki vipo 12 na sisi tulikuwa 15, kwa hiyo mchelewaji alikalia ndoo iliyogeuzwa. Feni ni moja, na kazi yake kubwa ilikuwa kupeperusha makaratasi. Umeme ulikatika mara nne katika wiki hizo sita, tukasoma kwa tochi za simu, na hapo simlaumu mwalimu.

Wenzangu walikuwa mchanganyiko mzuri. Kulikuwa na kijana wa bodaboda anayepeleka wageni kwenye magofu ya Kaole, dada wa mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni, mchoraji anayeuza picha zake barabarani, vijana wawili wa ngoma wanaosoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, na mzee mmoja ambaye wajukuu zake wamezaliwa Uingereza na wakipiga simu hawaelewani naye. Wengine walikuja wiki mbili wakapotea.

Na wiki hizo mbili za mwanzo, kusema kweli, hata mimi nilikaribia kupotea. Tulipewa karatasi lenye vitenzi 40, fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia kama jina kwenye kaburi la zamani. Upande wa kushoto vitenzi vinavyofuatwa na -ing: enjoy, avoid, finish, keep, deny, suggest. Upande wa kulia vinavyofuatwa na "to": want, hope, decide, promise. Tukaimba kwa pamoja kama watoto wa chuoni wanavyosoma juzuu. Kwa Mswahili orodha hii ni adhabu, maana sisi ku- moja inatutosha pande zote: napenda kuogelea, nataka kuogelea, nimemaliza kuogelea. Kiingereza kinakutaka uogelee kwa namna mbili, na ukikosea hakuna anayekuelewa vibaya, wanakunja uso tu kidogo. Ningeweza kukariri orodha hiyo nyumbani bure, nikiwa nachambua mchicha.

Kitu kimoja tu cha wiki hizo kilinishtua nikaweka kalamu chini. Kuna vitenzi vinavyokubali vyote viwili, lakini maana inageuka. Mwalimu akatoa mfano wa "stop". "Stop to take pictures" ni kusimama ili upige picha. "Stop taking pictures" ni kuacha kupiga picha. Kwetu hayo ni maneno mawili tofauti kabisa, kusimama na kuacha, mtu hawezi kuyachanganya hata akiwa na homa. Sasa mimi, kila nikifika Kaole kwenye yale makaburi yenye nguzo, huwa nawaambia wageni kwa sauti ya ukarimu: "Here we stop taking pictures." Nao kwa adabu zao wanarudisha kamera mifukoni. Miaka yote hiyo nilikuwa nawasifu moyoni kwamba wazungu wanaheshimu wafu.

Wiki ya tatu ndiyo iliyolipa ada yangu yote.

Mwalimu aliingia bila karatasi, akaandika ubaoni sentensi moja: "I left the child crying." Akauliza, nani analia hapa? Kijana wa bodaboda akasema mtoto, sasa nani mwingine. Dada wa mapokezi akakataa: mama anayemwacha mwanawe kwa bibi aende kufanya kazi Uarabuni hulia yeye, mtoto kwanza hata hajui kinachoendelea. Mzee akasema wanalia wote. Tukabishana dakika kumi nzima, wengine wamesimama. Mwalimu amejiegemeza dirishani, anakula karanga.

Kisha akaandika chini yake sentensi mbili za Kiswahili. "Nilimwacha mtoto akilia." "Nilimwacha mtoto nikilia." Akapigia mstari ile a- na ile ni-. Akasema, Kiswahili hakikuruhusu ulie bila kujulikana ni nani analia. Hiyo -ki- yetu haitembei peke yake. Mbele yake lazima atangulie mwenyewe: ni, u, a, tu, m, wa. Lakini -ing ya Kiingereza haina kiambishi cha nafsi. Haisemi ni mimi au ni yeye, wala haisemi ni jana au ni kesho. Ni mtoto aliyepotea mnadani pale soko la samaki: anamshika kanga mwanamke wa kwanza aliyesimama mbele yake, na watu wote watadhani huyo ndiye mama yake.

Na mwanamke wa kwanza aliyesimama mbele, katika Kiingereza, ni kiima cha kishazi kikuu. Ukianza sentensi na -ing halafu ukaweka mkato, nomino inayofuata baada ya mkato ndiyo itakayoshikwa kanga. Nikaona mnara wa misheni mbele ya macho yangu. "Having died in 1873", mkato, "Chuma and Susi". Mtoto kashika kanga ya Chuma na Susi. Wamekufa wao, halafu wakabeba maiti mpaka pwani.

Nilinyoosha mkono nikaisimulia ile aibu yangu mbele ya darasa. Mwalimu alicheka hadi karanga zikampalia, akaomba maji. Lakini baada ya kicheko tulifanya kazi. Tukaitengeneza ile sentensi kwa njia tatu, na hapa ndipo nilipoona kwamba huyu mtu anajua ualimu. Njia ya kwanza, rudisha kishazi tegemezi kizima chenye mwenyewe wake: "After Livingstone died in 1873, Chuma and Susi carried his body to the coast." Njia ya pili, mlete mwenye kufa aje akae baada ya mkato: "Having died far inland, Livingstone was carried to the coast by his men." Njia ya tatu, ambayo sikuitegemea, badilisha kitendo kiwe ni cha Chuma na Susi kweli: "Having dried and wrapped the body, Chuma and Susi carried it to the coast." Hao ndio waliokausha, hao ndio waliofunga, hao ndio waliobeba. Hii ya tatu nimeipenda kuliko zote kwa sababu inawapa kazi yao. Kwenye ile sentensi ya kurithi walikuwa mabega tu.

Tuliendelea na mbuyu wa misheni. Wanaoujua wanajua: kwenye shina kuna mnyororo uliomezwa na mti, na hadithi yake ni kwamba mama mmoja wa Kifaransa alikuwa akifunga punda wake pale. Mimi huwa nasema: "Tying her donkey to the tree, the chain was swallowed." Sasa nani kafunga punda? Mnyororo! Mnyororo umemfunga punda wa yule mama, halafu ukamezwa, labda kwa kosa hilo. Mwalimu akasema kwa sentensi hii ondoa kabisa -ing, sema alifunga punda, mti ukakua, ukaumeza mnyororo, kwa vitenzi vya kawaida. Akaongeza jambo ambalo nililiandika kwa wino mwekundu: mtu akishajua -ing anataka kuipaka kila mahali kama mafuta ya nazi.

Wakati wa Magharibi wale wasioswali siku hiyo tulibaki tukinywa chai ya rangi, mwalimu akatupa hadithi ya kando. Anasema katika Kiingereza cha kale viishio vilikuwa viwili: -ende ilikuwa ya kitendo kinachoendelea, kama anayeimba, na -ung au -ing ilikuwa ya nomino, kama uimbaji. Karne zikapita, midomo ikavichanganya, vikabaki umbo moja. Ndiyo maana leo "singing" inaweza kuwa ni mtu anaimba au ni kuimba kwenyewe. Vijana wa TaSUBa walipenda sana hii. Mimi nilifikiria ku- yetu, ambayo nayo ni kitenzi asubuhi na nomino jioni: nataka kuja, na kuja kwake kumeniudhi. Kumbe Kiingereza nacho kina "his coming late annoyed me", na "his" inakaa palepale inapokaa "kwake" yetu, ila mbele badala ya nyuma. Hii haikuwa kwenye karatasi lolote. Naona mambo mazuri ya darasa lile mengi yalikuwa kwenye chai.

Lawama kubwa niliyo nayo inatoka wiki ya nne, na si ya ndoo wala feni.

Mwalimu kwa furaha ya lile somo la mtoto aliyepotea alituacha Ijumaa na usemi mfupi: "-ki- yetu ndiyo -ing yao." Tukaondoka nao kama dawa. Jumamosi kijana wa bodaboda akamwandikia mgeni wake kwa WhatsApp. Alitaka kusema, mvua ikinyesha kesho sitakuja. Akaandika: "Raining tomorrow, I will not come." Mgeni akaelewa kwamba kesho mvua itanyesha, huyu bwana hana haja ya kuja, akatafuta usafiri mwingine. Jumapili jua lilikuwa kali la kukausha dagaa kwa saa mbili. Kijana alikosa safari ya Kaole kwenda na kurudi, na Jumatatu alikuja darasani amenuna, akaketi kwenye ndoo kwa hiari yake.

Kwa heshima zote, mwalimu hakukwepa. Alisema, nimewapa nusu ya ukweli, hiyo nusu nyingine imemla mwenzenu. Kisha akaeleza kilichotakiwa kuelezwa Ijumaa: -ki- ina kazi mbili. Iko ya wakati mmoja, nilimwona akivuka, alikuja akikimbia. Hiyo ndiyo inayofanana na -ing. Na iko ya masharti, mvua ikinyesha, ukipata nafasi, mgeni akifika. Hiyo Kiingereza hakiipi -ing, kinaipa "if" au "when" na kitenzi chenye mwenyewe wake: "If it rains tomorrow, I will not come." Kipimo alichotupa ni rahisi na ninakitumia kila siku: weka "kama" au "iwapo" mbele ya kitenzi chako. Ikikaa vizuri, achana na -ing. "Kama mvua itanyesha" imekaa. "Nilimwona kama anavuka" imekuwa kitu kingine kabisa, kana kwamba una mashaka na macho yako. Basi hapo -ing inaruhusiwa.

Hapohapo akatufundisha viunganishi, na siku hiyo kipindi kilizidi muda bila mtu kulalamika. Baadhi ya maneno yanayoanzisha kishazi tegemezi yanakubali kufuatwa moja kwa moja na -ing: while, when, before, after, since. "While waiting for the boat." "Before leaving Bagamoyo." Lakini "because" inakataa katakata. Nusu ya darasa tulikuwa tunaandika "because being late". Ama useme "because we were late", na "we" wake, ama utupe "because" uanze na "Being late", ama uongeze "of". Na ukitaka -ing iwe na mwenyewe wake ambaye si kiima cha kishazi kikuu, kuna neno dogo "with": "With the tide going out, the boats lie on the sand." Maji yakipwa ngalawa hulala mchangani, na wageni wote huuliza kwa nini bahari imeondoka. Sentensi hiyo niliitumia kesho yake asubuhi, na ilikaa mdomoni kama vile nimezaliwa nayo.

Nilijaribu kumtega. Nilimuuliza, mwalimu, kama sheria ni mtoto kushika kanga, mbona kwenye tovuti za watalii naona "Considering that it dates from the 13th century, the mosque is in good shape"? Msikiti wa Kaole ndio unaozingatia umri wake wenyewe? Alikaa kimya, akafuta miwani. Akasema maneno kama considering, assuming, supposing yalianza kama -ing za kawaida, lakini yametumika sana mpaka yamegeuka viunganishi. "Hao wamekua, mwanangu. Wana nyumba zao, hawatafuti mama sokoni." Halafu akanionyesha kwamba hata sisi tunasema "ukizingatia kwamba" bila kumlenga mtu yeyote mbele yetu, ile u- ni ya yeyote yule. Kwa jibu hilo nilimsamehe ile 10,000 ya fotokopi. Karibu yote.

Sikumsamehe ukurasa wa 6 wa fotokopi hizo, ambao umeandikwa kwamba ni marufuku kuanza sentensi na neno lenye -ing. Wiki ya pili tulilazimishwa kuukariri, wiki ya tatu yeye mwenyewe akaanza sentensi hivyo ubaoni mara kumi. Nilipomwonyesha alisema karatasi hizo alizikuta mahali, hakuziandika yeye. Sawa, lakini tumezilipia sisi.

Wiki ya tano ilikuwa ya dada wa mapokezi. Kazi yake ni kueleza watu: nani kaacha begi, nani anamsubiri nani. Yeye husema "the man who has stood at the gate", na "he has worn a red shirt". Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili kinasema amesimama, amevaa, amekaa, amelala, amebeba. Kitendo kimekwisha na hali inaendelea, na sisi tunashika kile kilichokwisha. Kiingereza kinashika kinachoendelea: he is standing, he is wearing. Ukisema anavaa shati, kwetu bado anahangaika na vifungo. Basi "mtu aliyesimama getini" ni "the man standing at the gate", na "who is" unaweza kuidondosha ikabaki -ing peke yake, ikiwa imeshikana na nomino iliyoitangulia. Mwalimu alitoa zoezi la kutazama nje ya mlango na kueleza kila anayepita: mama aliyebeba ndoo, mtoto aliyevaa sare, mzee aliyekaa barazani anayecheza bao. Wapita njia waliposikia wanatajwa kwa Kiingereza walikuja kuchungulia, na mmoja alijiandikisha papo hapo.

Mzee wetu alipata cha kwake pia, kuhusu kukumbuka. "I remember locking the door", mlango nimeufunga na picha ninayo kichwani. "I remember that I locked the door", nalijua jambo hilo, hata kama picha sina. "Remember to lock the door", bado haujafungwa. Akasema kwa umri wake anayoihitaji zaidi ni hiyo ya mwisho.

La "looking forward" nalitaja haraka kwa sababu linatuhusu wote tunaoandikia wageni: si "to see you", ni "to seeing you". Hiyo "to" haihusiani na ku- yetu, ni ya kuelekea mahali. Fungueni simu zenu mhesabu mmekosea mara ngapi. Mimi niliishia 31 nikaacha.

Wiki ya sita vipindi viwili havikufanyika, mwalimu alikuwa na msiba. Msiba ni msiba, hakuna anayegomba. Ila hakuna siku iliyofidiwa, na alipotajiwa alisema "tutaona", neno ambalo Bagamoyo halijawahi kuonyesha kitu.

Mwezi wa tisa nilirudi chini ya mnara na kundi jipya, watu sita. Nikavuta pumzi. "Having dried and wrapped the body, Chuma and Susi and their companions carried it to the coast." Hakuna aliyecheka. Bwana mmoja akauliza ilichukua muda gani, binti yake akauliza moyo uko wapi, nikawapa mzaha wangu wa bwaga moyo, tukaendelea hadi kwenye mbuyu. Kaole walipiga picha mpaka betri zikaisha.

Kwa hiyo nyota nne. Kama wewe unaanza kabisa, huna Kiingereza hata cha kuomba maji, usiende. Atakuchanganya, maana darasa ni la mtu ambaye tayari anaongea na anataka kujua anachosema. Kama ni mwenzangu wa kutembeza wageni, au uko mapokezi, nenda, na uwahi kiti. Ukurasa wa 6 uchane uwashie mkaa.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya cheti. Kinalipiwa 10,000 mbali, kimepigwa lamineti, kina nembo ya kitabu na mwenge, jina langu limeandikwa bila kosa. Chini yake kuna mstari mmoja: "Having successfully completed the course, we award this certificate to", halafu mimi. Nilikisoma mara mbili nikiwa mlangoni. Nikarudi ndani nikamwonyesha mwalimu kwa kidole: having completed, mkato, we. Alivua miwani, akaivaa, akakaa kwenye ndoo. Akasema maneno hayo yalitoka stationari, na vyeti 11 vimeshapigwa lamineti.

Nimekitundika sebuleni hivyohivyo. Kwa mujibu wa cheti, waliohitimu ni wao.